Kumnawisha Mama

Shangazi alimleta mama yake kazini kwetu akiwa amemfunga kwenye shuka la maua na kumbana kwapani. Mlinzi wa getini alipomuuliza amebeba nini, alijibu, "Mama yangu. Nimemleta kwa daktari." Mlinzi akanipigia simu huku akicheka mpaka anakohoa.

"Teremka upesi, kuna mgonjwa wako huku. Hana hata miguu."

Nilipofika chini shuka lilikuwa limeshafunguliwa. Ilikuwa ile picha niliyokua nikiiona ukutani kwake: mwanamke kijana kuanzia kifuani kwenda juu, anatutazama moja kwa moja, nywele zimechanwa nyuma, gauni jeupe ambalo moshi na miaka vimeligeuza rangi ya chai. Kijana kwelikweli. Wageni walikuwa wakishangaa, na Shangazi ana jibu lake tayari: "Mama yangu aliolewa mdogo."

Mimi ni msaidizi kwenye karakana ya kuhifadhi picha, ghorofa ya pili ya makumbusho. Nilianza hapo kama mfagizi. Miaka mitatu ya masomo ya jioni ya kemia, wa mwisho nikiusoma na tumbo la miezi saba, ndiyo iliyonitoa kwenye ufagio ikanikalisha kwenye hadubini. Aliyenisukuma kwenda ni Shangazi, kama alivyonisukuma kwenye kila kitu tangu baba yangu alipofariki akaniacha kwake. Yeye ni dada mkubwa wa baba, baba mmoja, mama mbalimbali. Mama yake alikufa siku ileile aliyomzaa. Hakumwachia kitu kingine chochote, wala picha ya kamera, ila hii ya rangi aliyochorwa na mchoraji mpita njia miezi michache kabla.

"Msafisheni," Shangazi alisema tukipanda ngazi, mkono wake mmoja begani kwangu. "Nataka nimwone vizuri kabla taa hazijazimika."

Taa ni macho yake. Daktari alishamwambia ni presha ya macho, na sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Dawa ya matone inachelewesha tu. Mwenyewe anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba.

"Limebaki la kutosha uso mmoja," aliniambia kwa sauti ya chini, tumesimama kwenye kituo cha ngazi apumzike. "Wewe nimekuona vya kutosha, usinune. Nataka uwe wake."

Mkuu wetu wa karakana tunamwita Mama Pamba, kwa kuwa hana mfuko wa nguo usiokuwa na pamba. Alimpokea Shangazi kwa heshima zote, akamvutia kiti, akaiweka picha mezani juu ya sponji. Shangazi akataka kujua dawa gani tunayotumia kusafishia.

"Kwa masizi ya namna hii, mate," Mama Pamba alisema.

"Mate?"

"Unaviringisha pamba kwenye kijiti, unailowesha mdomoni, unaipitisha taratibu. Mate yanatoa uchafu bila kugusa rangi."

Shangazi akanigeukia. "Miaka mitatu umesoma jioni, nimekaa na njaa nakungoja, kumbe unafundishwa kutema?"

Tulicheka sote. Kisha nikachukua fomu. Kila picha inayoingia ina fomu, na mwenye picha hujibu maswali kwa mdomo wake: imetoka wapi, ilitundikwa chumba gani, imewahi kuloa. Swali la saba linauliza kama imewahi kusafishwa, na nani, kwa kutumia nini.

Shangazi alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayesubiri zawadi ya shule. "Andika: imesafishwa na mwanawe. Kila Jumamosi, tangu nina miaka sita mpaka kumi na minne. Kwa sabuni ya kipande na kitambaa cha bluu, cha sare iliyochakaa."

Kalamu ilinisimama. "Sabuni, Shangazi?"

"Sasa ningemnawisha kwa nini, majivu? Jumamosi ndiyo siku tuliyosuguliwa watoto wote. Bibi yako aliyenilea akishanimaliza mimi, napanda stuli, namnawisha mama yangu. Paji, pua, mashavu, kidevu. Namwambia, fumba macho, sabuni itakuingia."

Mama Pamba hakucheka. Hakuwa akimtazama Shangazi, alikuwa akiitazama picha.

Nilipomrudisha Shangazi getini na kupanda tena, nilimkuta Mama Pamba bado ameinama palepale. "Miaka minane ya sabuni," alisema. "Na uso ndio mzima kuliko gauni. Hebu nieleze hiyo kemia, binti."

"Labda sabuni za zamani zilikuwa laini."

"Sabuni za zamani zilikuwa zinababua sakafu."

Tulifunga mapazia tukawasha taa ya zambarau. Vanishi ya zamani ikimulikwa na taa hiyo hung'aa kijani, kama maji ya bwawa. Rangi iliyopakwa baadaye haing'ai, hubaki nyeusi. Ni kipimo cha kwanza kabisa tunachofanya, nimeshakifanya mara mia, na mara nyingi huonyesha alama ndogondogo: hapa palikwanguka, pale palizibwa. Niliisogeza taa mwenyewe. Gauni likang'aa. Nywele, shingo, masikio mawili, vyote kijani.

Uso ulikuwa shimo.

Nikasogeza taa nyuma, nikaileta tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Weusi ulianzia pale nywele zinapoanza, ukashuka mpaka chini ya kidevu, ukaishia kwenye masikio, huku na huku, bila kuyagusa.

"Mbona masikio yamebaki?" niliuliza. Nadhani niliuliza hilo ili nisiulize lile lingine.

Mama Pamba aliandika kwenye daftari: masikio ya asili, sababu haijulikani. Kisha akaniwekea mkono mgongoni. "Hatujui bado. Tusichokipima hatukisemi."

Kupima kulichukua wiki tano. Mashine inayosoma madini yaliyomo kwenye rangi tunaazimana na chuo, na foleni yake ni ndefu. Mimi nilikuwa nikipiga simu chuoni kila asubuhi mpaka karani akaijua pumzi yangu. "Bado, dada. Hata ukinifokea, bado." Nisingeweza kumweleza kwamba huku nyumbani kuna tundu la funguo linaziba.

Ninaishi kwa Shangazi, mimi na binti yangu wa miezi kumi, na mchana yeye ndiye anayemlea. Wiki ya pili alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Wiki ya tatu alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema meza ilikuwa na kiu. Mtoto alimzoea haraka kuliko mimi: akitaka kuonekana, anamshika Shangazi mashavu kwa mikono miwili na kuuvuta uso wake mbele ya uso wake.

"Nimekuona, mke mwenzangu, nimekuona," Shangazi humwambia. "Una ndizi mpaka kwenye kope. Mama yako hakufundishwa kunawisha watu?" Na huchukua kitambaa akamfuta, paji, pua, mashavu, kidevu, mtoto akipiga kelele kama anachunwa.

Jioni moja, katika kufutana huko, alinichekesha kwa kisa ambacho sikuwahi kukisikia. "Unajua mimi nilikaribia kuwa mtu maarufu? Nina miaka kumi na mitano. Babu yako alimleta mchora mabango nyumbani, fundi hodari, ndiye aliyechora maduka yote ya mtaa. Akanikalisha dirishani siku tatu, nywele nyuma, usicheke, usijikune. Nikaambiwa ni bango la sabuni, uso wangu utawekwa barabarani. Nilipewa viatu vyekundu kwa kazi ile."

"Bango likawekwa wapi?"

"Wapi! Nilizunguka mji mzima na viatu vyangu nikilitafuta. Naona waliona sura yangu haiuzi sabuni."

Nilicheka mpaka nikajipangusa machozi. Wallahi nilicheka. Sikuunganisha kitu.

Mashine ilipofika, ilisoma gauni ikaleta risasi, madini ya ile rangi nyeupe ya wachoraji wa zamani. Ikasoma shingo: risasi. Masikio: risasi. Ikasoma shavu, ikaleta titani. Rangi ya milango, ya mageti, ya mabango ya madukani.

Nilisimama na karatasi mkononi, na nikaviona viatu vyekundu.

Bado nilikuwa na tumaini moja, na nililishikilia kwa mikono miwili. Uso uliopakwa juu unaweza kutolewa. Tumeshautoa kwenye picha nyingine. Unalainisha kidogo kidogo, unafukua, na chini yake unamkuta mtu wa kwanza anakungoja. Tuliomba ruhusa ya Shangazi kwa simu tuchukue punje moja ya rangi shavuni, ndogo kuliko chembe ya chumvi. "Chukueni hata pua," alisema. Niliigandisha punje kwenye tone la gundi ngumu, nikaisugua mpaka ubavu wake ukaonekana, nikaiweka chini ya hadubini. Ukiitazama hivyo, rangi inakuwa kama keki iliyokatwa, na kila tabaka linasema lilikuja lini.

Juu, rangi ya bango, nzito. Chini kabisa, nyuzi za turubai iliyochorewa picha, zimelika mpaka vichwa vimetokeza. Katikati, mahali ambapo uso wa kwanza ulitakiwa kuwepo, hapakuwa na rangi. Palikuwa na utando mwembamba wa sabuni na vumbi, na ndani ya utando huo, uzi mmoja mfupi wa bluu.

"Tuchukue nyingine," nilimwambia Mama Pamba. "Upande huu alikuwa akitumia nguvu zaidi. Tuchukue ya pajini."

Alinipa ya pajini. Ilikuwa vilevile. Nikaomba ya kidevu.

"Hapana."

"Moja tu, Mama."

"Picha haitobolewi kwa sababu ya huruma, binti. Hata ukitoboa mia, yule mama hayupo. Sabuni ilimmaliza kabla mchora mabango hajafungua kopo."

Nilikwenda nikakaa chooni. Nilitunga mambo mengi mle ndani. Tungesafisha masizi tu, tungempa picha yake ikiwa nyeupe inang'aa, na Shangazi angelala na uso ule machoni mpaka mwisho, nani angeumia? Taa ya zambarau niliiwasha mimi. Ningeiacha imezimwa! Lakini swali la saba lilikuwa limejibiwa, kwa mwandiko wangu, na vipimo vimeshaingia daftarini.

Mama Pamba alipoisoma sura yangu aliniambia, "Ripoti ni ya mwenye picha. Tutamuuliza kama anataka kuisikia. Akikataa, tunaifunga kwenye bahasha na kusafisha masizi." Usiku sikuomba kitu kingine ila Shangazi akatae.

Alikuja Jumatano, amevaa nguo ya kutokea, ameshika mkono wangu maana ngazi zilishampotea. Mama Pamba akamuuliza.

"Soma," Shangazi alisema.

Mama Pamba alisoma polepole, bila kupamba, bila kuuma. Gauni ni la asili, shingo ya asili, uso umepakwa upya kwa rangi ya mabango. Shangazi alikuwa ameielekeza sura yake kwenye sauti.

"Umepakwa lini?"

"Miaka sitini hivi iliyopita."

"Babu yako aliichukua ile picha," Shangazi aliniambia mimi. "Alisema fremu imeoza. Ilikaa kwa fundi miezi miwili ikarudi na fremu mpya, na mama ameng'aa. Nilidhani wamemfuta masizi tu." Akapapasa ukingo wa meza. "Na yule wa kwanza, chini yake, yupo au hayupo?"

Mama Pamba alinitazama. Ilikuwa zamu yangu, mimi ndiye niliyekaa na hadubini.

"Hayupo, Shangazi."

"Amekwenda wapi?"

Niliyatafuta maneno niliyoyapanga. Nilikuwa nimepanga "umri", nilikuwa nimepanga "unyevu". Vyote viwili hatukuvipima. "Picha za zamani zinachoka," nilisema.

"Gauni halikuchoka."

Nje mlinzi alikuwa akibishana na dereva juu ya maegesho, kila neno linasikika.

"Nilimwona anafifia," Shangazi alisema. "Kila Jumamosi anafifia kidogo. Nikadhani ni uchafu, nikazidisha sabuni."

"Ulikuwa mtoto," Mama Pamba alisema.

"Nilikuwa msafi mno." Alijaribu kucheka, ikashindikana, akakaa akiinyoosha kanga yake kwenye magoti. Kisha akainua kichwa. "Viatu vyekundu," alisema, na nikajua naye amefika. "Kumbe miaka yote hii nikiamka asubuhi najisalimia mwenyewe."

Ningeweza kufanya nini? Nilipiga magoti pale, nikamshika miguu, nami nimesomea mambo haya, najua jina la kila tabaka, na hapakuwa na hata moja la kumpa. Kama ungekuwa uchafu ningeutoa kwa mate yangu mwenyewe mpaka koo likauke.

Mama Pamba akasema kuna kitu kimoja ripoti haikuweza kukieleza. "Masikio. Ni ya asili, mazima, rangi yote ipo. Kitambaa hakikuyagusa. Hatujui kwa nini."

Shangazi aligeuka taratibu. "Masikio sikumnawisha," alisema. "Mimi mwenyewe sikupenda kuoshwa masikio. Bibi yako alikuwa anakizungushia kidole kitambaa anakichimbia ndani, nalia. Nikasema mama yangu sitamfanyia hivyo."

Mama Pamba alikuwa ameshatoa pamba mfukoni. Alinipa kijiti. Nilikaa mezani nikaanza na sikio la kushoto, pamba mdomoni, pamba kwenye picha, pamba mdomoni. Masizi yalikuwa machungu. Nilibadilisha pamba kumi na mbili, na rangi ya chai ikaondoka, likatokea sikio la mtu, la kahawia, lenye wekundu kidogo pembeni kama lilikuwa limekaa karibu na jiko. Ndewe yake imetobolewa lakini haina hereni.

Tulimwinamisha Shangazi mpaka pua ikakaribia kugusa. Alihangaika kulipata, kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi, kinapanda, mimi namwelekeza kwa vidole viwili shavuni. Kisha akatulia.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mkono wake ulipanda wenyewe ukashika sikio lake, ukaipapasa ndewe ndefu inayoning'inia. Ile ya pichani ni fupi, imeshikana na shavu.

"Halifanani na langu," alisema.

"Halifanani, Shangazi."

"Basi hili ni lake."

Picha haijafutwa ule uso wa juu. Mama Pamba alisema uamuzi ni wa mwenyewe, na mwenyewe akasema mwacheni binti wa watu, alikaa dirishani siku tatu bila kujikuna. Tulisafisha masizi yote, na sikio la pili. Imerudi ukutani kwake. Ila Shangazi hamsalimii tena asubuhi. Anapita na mkono ukutani mpaka jikoni, na sijui kama hamwoni au anampita. Matone tunaendelea nayo, matatu asubuhi, matatu jioni, na nimeandika barua hospitali kubwa kuuliza kama kuna lolote jipya. Hawajajibu. Nitaandika tena.

Jana nilitoka kazini mapema nikawakuta sebuleni. Mtoto ameketi mapajani kwake, amekula ndizi, uso mzima umepakwa, na kama kawaida yake amemshika Shangazi mashavu na kumvuta aonwe. Kitambaa chenye maji kilikuwa mkononi mwa Shangazi. Nilisimama mlangoni nikingoja kelele zianze.

Hazikuanza. Kitambaa kilifika karibu na paji la mtoto kikasimama. Maji yalidondoka kwenye goti lake, tone, na lingine. Mtoto alikuwa akikitazama, hajui kwa nini leo hapigwi vita.

"Umerudi?" Shangazi aliuliza bila kugeuka. Alinyoosha kitambaa upande niliokuwa, akakosea kidogo, nikakifuata.

"Mfute wewe," alisema. "Taratibu. Na masikio mwachie."